Stesheni ya Park Street, Boston: namna ya kuitumia bila kupotea chini ya ardhi

Mgeni anayeshuka ngazi za Park Street kwa mara ya kwanza hudhani ameingia kwenye metro kama ya Paris au London: unatafuta rangi ya njia, unapanda treni ya kwanza, unashuka unakokwenda. Hapo ndipo wengi hupotea. Ghorofa ya juu ya stesheni hii ni ya tramu. Handaki lake lilianza kubeba abiria tarehe 1 Septemba 1897 kwa sababu tramu zilikuwa zimejaa Tremont Street hadi hazisogei, na mji ukaamua kuzizamisha chini ya ardhi. Leo ndilo handaki la treni za mjini la zamani kuliko yote yanayotumika Amerika Kaskazini. Kilichozamishwa ni tramu pamoja na tabia zake zote: matawi mengi, treni fupi, kona kali, na safari inayoishia katikati ya barabara ikisubiri taa kama gari lolote. Ukilijua hilo kabla ya kupita geti, karibu kila linalowachanganya watu hapa litakueleweka.

Kuingia na kulipa

Milango mikuu ipo kwenye pembe ya bustani ya Boston Common, Tremont Street inapokutana na Park Street. Tafuta vijumba viwili vya mawe vilivyojengwa pamoja na handaki lenyewe. Alama ya kukuongoza ukiwa mbali ni mnara mweupe wa kanisa la Park Street, ng'ambo ya barabara.

Nauli ya safari moja ni dola 2.40, uende karibu au mbali, na ukibadilisha treni ndani ya geti hulipi tena. Tangu Agosti 2024 unaweza kugusisha kadi ya benki au simu moja kwa moja getini, kwa hiyo mtu wa safari moja mbili hana haja ya kupanga foleni kwenye mashine ya tiketi. Mambo matatu tu ya kuangalia. Kwanza, kila mtu mzima awe na kadi yake. Pili, ukianza kwa simu endelea kwa simu: kadi ile ile ikiwa ndani ya simu husomwa kwa namba nyingine, na ukibadilisha katikati mfumo unakuona kama abiria mpya, hivyo unapoteza punguzo la kuunganisha na basi. Tatu, watoto wa miaka 11 kushuka chini husafiri bure wakiwa na mtu mzima, usiwanunulie tiketi.

Pasi ya siku moja ni dola 11, ya siku saba ni dola 22.50, na hizi hununuliwa kwenye mashine. Hesabu yake ni rahisi. Pasi ya siku inalipa ukipanda mara tano au zaidi ndani ya siku hiyo, na ya wiki inalipa kuanzia safari ya kumi. Mtu aliyekuja kutembea kwa siku nne, akitoka hotelini asubuhi na kurudi jioni, mara nyingi hafiki kumi. Agusishe tu kadi.

Baiskeli haziruhusiwi kwenye Green Line, yaani treni za ghorofa ya juu, saa yoyote, isipokuwa zile za kukunja.

Herufi kwanza, rangi baadaye

Treni zote za ghorofa ya juu ni za Green Line, lakini Green Line ni matawi manne: B, C, D na E. Herufi imeandikwa kwenye kichwa cha treni na ubavuni pamoja na jina la mwisho wa safari. Kabla ya herufi kuna swali la upande: unakwenda magharibi au mashariki? Mabango yanasema Westbound kwa magharibi na Eastbound kwa mashariki. Ramani za zamani zilizobaki kwenye simu za watu bado zinasema Inbound na Outbound, yaani kuelekea katikati ya mji au kutoka. Kwa kuwa Park Street yenyewe ndiyo katikati ya mji, maneno hayo hayakusaidii hapa. Fuata magharibi na mashariki.

Ukielekea magharibi, stesheni tatu za mwanzo, Boylston, Arlington na Copley, hupitiwa na treni zote. Panda yoyote. Baada ya Copley tawi la E linakata kushoto na kwenda Prudential, Symphony, Northeastern na jumba la sanaa la Museum of Fine Arts hadi Heath Street. B, C na D huendelea pamoja hadi Hynes na Kenmore, kisha hutawanyika: B hadi Boston College, C hadi Cleveland Circle, D hadi Riverside. Maana yake, kwa Hynes na Kenmore chukua chochote ila E, na kwa Prudential usichukue chochote ila E. Ukikosea, shuka Copley, stesheni ya mwisho kabla ya njia kugawanyika, usubiri herufi sahihi palepale jukwaani. Ukishapita Copley, kosa litakugharimu dakika 20 au zaidi.

Ukielekea mashariki, B na C huishia Government Center, stesheni inayofuata tu. D huenda Union Square, E huenda Medford/Tufts, na zote mbili hupita Haymarket na North Station. Mwenye safari ya North Station akipanda B atashushwa baada ya kituo kimoja. Si balaa, atasubiri hapohapo D au E, ila asishangae.

Majina nayo yana mitego yake. Harvard Avenue, kituo cha tawi la B, hakipo karibu na Chuo Kikuu cha Harvard. Chuo kipo upande wa pili wa mto na kinafikiwa kwa Red Line, njia ya ghorofa ya chini. Stesheni ya Fenway ya tawi la D siyo ya uwanja wa Fenway Park. Kwa uwanja shuka Kenmore. Longwood ni ya D, Longwood Medical Area ni ya E, na mwenye miadi ya hospitali anataka hii ya pili. Washington Street ni ya B, Washington Square ni ya C. Boston University na Boston College vyote viko kwenye B, lakini kati yake kuna karibu nusu saa ya kusimama na kuondoka. Ukimwelekeza ndugu yako kwa simu, mtajie jina kamili pamoja na herufi.

Jukwaani

Park Street ina reli nne kwenye ghorofa ya Green Line. Upande wa magharibi una reli mbili, na matawi yamegawanywa kati yake; bango juu ya kila reli linasema herufi zipi zinasimama hapo. Mpangilio wa kusubiri ni huu:

1. Soma bango la reli, kisha ubao wa kidijitali unaoonyesha dakika zilizobaki. Ubao ukisema dakika 2 na treni inatoka upande wa Government Center, uamini. Treni zinazotoka matawini ni habari nyingine: B, C na E hukimbia barabarani na kushikwa na taa, kwa hiyo dakika 6 zinaweza kuwa 10.
2. Simama karibu na katikati ya jukwaa. Treni ya kawaida ni mabehewa mawili, jumla kama mita 45, na jukwaa ni refu kuliko hapo. Wanaosubiri mwishoni ndio unaowaona wakikimbia.
3. Angalia nyuma pia. Treni mbili zinaweza kusimama zikifuatana kwenye jukwaa moja na kufungua milango kwa pamoja, na yako ikawa ile ya nyuma, ambayo si lazima isogee mbele na kufungua tena.
4. Sikiliza tangazo kabla ya mguu wa kwanza kuingia. Herufi ikibadilishwa dakika ya mwisho, dereva husema.
5. Waache wanaoshuka washuke, kisha ingia ndani kabisa. Mlango uliojaa watu ndio unaochelewesha treni zote za nyuma.

Kama unaishia Boylston, Arlington au Copley, simama pale unapoziona reli zote mbili na upande inayotangulia.

Ukijikuta upande usio wako, usitoke nje ukalipa tena, na usikanyage reli. Shuka ngazi hadi jukwaa la Red Line lililo chini, kisha panda ngazi za upande wa pili ulioandikwa mwelekeo wako. Njia hii ya kuvuka chini ipo Park Street. Boylston na Copley haipo. Huko kila jukwaa lina mlango wake wa barabarani, na ukishuka mlango usio wako baada ya kugusisha kadi, dawa ni kutoka, kuvuka na kuingia upya. Kwa hiyo Boylston na Copley soma maandishi yaliyo juu ya mlango ukiwa bado barabarani. Zilijengwa kwa ajili ya mtu aliyetoka dukani akipanda tramu ya kurudi nyumbani. Hakuna aliyefikiria kwamba angetaka kubadilisha upande.

Kiti cha magurudumu, gari la mtoto, mizigo

Mabehewa yenyewe si ya aina moja. Ya zamani zaidi yanayotumika, yaitwayo Type 7, yana ngazi ndani ya mlango. Type 8 na Type 9 yana sakafu ya chini karibu sawa na jukwaa. Kwa kawaida treni hupangwa ili iwe na walau behewa moja la sakafu ya chini. Mwenye kiti cha magurudumu asimame mahali panapoonekana na dereva na kumpungia. Dereva hutoa kibao cha kuziba mwanya kati ya jukwaa na mlango. Mwambie pia utakaposhuka, kwani kibao kitahitajika tena. Mwenye gari la mtoto au sanduku kubwa naye alenge behewa hilohilo: ngazi za Type 7 ni nyembamba, na watu nyuma yako hawana subira.

Park Street ina lifti, lakini lifti za stesheni ya karne ya 19 hupachikwa pale nafasi iliporuhusu. Huenda ukapanda mbili kufika jukwaa moja. Tazama hali ya lifti kwenye tovuti ya MBTA, shirika la usafiri la Boston, kabla ya kuondoka. Boylston na Hynes hazina lifti kabisa, hata moja. Badala yake tumia Park Street au Arlington kwa ile ya kwanza, na Kenmore kwa ya pili. Kutoka Park Street hadi Boylston ni dakika tano kwa miguu kupitia bustani, tena tambarare.

Kona ya Boylston

Muda mfupi baada ya kuondoka Park Street kuelekea magharibi, treni inapiga kelele kali ya chuma. Haijaharibika. Handaki lilichimbwa kwa kufukua barabara na bustani kutoka juu na kuzifunika tena, kwa hiyo linafuata mitaa: Tremont inapokutana na Boylston Street, reli nayo inakata kona karibu ya nyuzi 90. Magurudumu mawili ya ekseli moja yamefungwa pamoja, na kwenye kona gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Moja lazima liteleze juu ya reli, na kuteleza huko ndiko kunakolia.

Kwa abiria jambo la maana ni kushika nguzo. Treni huipita kona polepole, lakini mtu aliyesimama na sanduku la magurudumu ataliona likielekea kwa jirani. Mwenye mtoto mchanga amzibe masikio. Dirishani, ukiwa stesheni ya Boylston, utaona reli nyingine nyuma ya uzio. Zilikuwa za tramu za kusini mwa mji, na hazijabeba abiria tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Chini: Red Line na njia ya Winter Street

Red Line iliongezwa chini ya Green Line mwaka 1912, na hiyo sasa ni metro kamili: treni ndefu, majukwaa ya juu, hakuna taa za barabarani. Inayoandikwa Alewife huenda Cambridge, na Harvard ni stesheni ya nne. Kusini kuna Ashmont na Braintree, zinazoachana baada ya JFK/UMass. Kwa Downtown Crossing na South Station panda yoyote. Majukwaa yapo matatu, moja katikati na mawili pembeni, na milango hufunguka pande zote mbili. Ukiwa ndani na unataka kushuka, chagua upande kulingana na bango la ngazi unayoihitaji.

Kwa Orange Line huna haja ya kupanda treni hata moja. Kuna njia ya miguu chini ya Winter Street, ndani ya geti, inayokufikisha Downtown Crossing kwa dakika tatu hivi. Watu wengi husubiri Red Line dakika saba ili wasafiri kituo kimoja. Tembea.

Kwenda uwanja wa ndege wa Logan kuna njia mbili. Ya kwanza: Green Line mashariki hadi Government Center, Blue Line ya kuelekea Wonderland hadi stesheni ya Airport, kisha basi la bure la uwanja. Ya pili: Red Line hadi South Station, kisha basi la Silver Line namba SL1 linalosimama kwenye kila jengo la abiria. Mwenye mizigo mingi achukue ya pili, ina kubadilisha mara moja. Ukitoka uwanjani SL1 ni bure.

Wakenya na wengine wenye jamaa Lowell: panda D au E hadi North Station, halafu treni ya mkoa ya Lowell Line. Tiketi yake ni tofauti na nauli ya handaki, na treni hizo zina ratiba ya saa maalumu, kwa hiyo ondoka Park Street nusu saa kabla. Mwendo wenyewe ni mfupi, ila D ikikupita ukasubiri E, dakika zinaisha.

Mambo yanapokwenda kombo

Tatizo la kawaida ni treni tatu kufika kwa mkupuo baada ya dakika 15 za ukimya. Matawi manne, matatu yakitegemea taa za barabarani, yanamiminika kwenye handaki moja. Moja likichelewa, la nyuma linalifikia. Ikitokea, achana na ya kwanza kama imejaa hadi mlangoni. Ya pili ya herufi yako huwa karibu tupu.

Ili kurekebisha pengo, msimamizi anaweza kuamuru treni iruke vituo kadhaa au igeuzwe kabla ya mwisho wa safari. Reli ya Park Street ina mzunguko unaoruhusu treni iliyotoka magharibi kurudi ilikotoka, hivyo usishangae B iliyoandikwa Government Center ikishusha watu wote hapa. Tangazo huwa la haraka na spika ni mbovu. Ukiona wenyeji wote wanainuka, inuka.

Kufungwa kwa handaki kwa matengenezo, hasa wikendi, ni jambo la mara kwa mara. Mabasi mbadala huwekwa, nayo huchelewa. Kati ya Park Street na Copley ni afadhali kutembea, kama dakika 20.

Kitu kikianguka relini, simu au pochi, kiache. Juu kuna waya wa umeme na treni zinazokuja kimya kuliko unavyodhani. Chini, kwenye Red Line, kuna reli ya tatu yenye volti 600. Mwite mfanyakazi au bonyeza kitufe cha mawasiliano kilichopo jukwaani. Wana vifaa vya kukiokota.

Na ukiwa kwenye tawi la barabarani, nje ya handaki, treni haisimami kila kituo kama hakuna anayesubiri. Bonyeza utepe au kitufe cha kuomba kushuka mapema.

Siku ya Marathoni

Jumatatu ya tatu ya Aprili, Patriots' Day, siku ya mbio za Boston Marathon, hugeuza kila kitu juu chini. Tangu Mkenya Ibrahim Hussein alipokuwa Mwafrika wa kwanza kushinda hapa mwaka 1988, mbio hizi zina mashabiki Waswahili, na wengi hutaka kushuka Copley kwa kuwa mstari wa kumalizia upo hapo. Copley hufungwa siku nzima. Usipange kushuka hapo.

Amua kwanza unataka kuona nini. Vilima vya Newton, mahali mbio zinapoamuliwa: panda B hadi Boston College, karibu na maili ya 21, au D hadi Woodland, baada tu ya maili ya 16. Tenga saa nzima kutoka Park Street. Wakimbiaji waliokwisha kuachana, kila mmoja na nafasi yake: C hadi Coolidge Corner, maili ya 24. Kona za mwisho, Hereford Street na kuingia Boylston Street: B, C au D hadi Hynes, lakini ufike asubuhi sana. Mstari wenyewe: shuka Arlington na utembee magharibi hadi vizuizi vya polisi vitakapokusimamisha.

Kenmore epuka kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Timu ya besiboli ya Red Sox hucheza nyumbani asubuhi hiyo, na mashabiki wake hutoka uwanjani huku mbio zikipita mlangoni. Kama huna budi, tumia njia za chini ya ardhi za stesheni hiyo kuvuka barabara, maana juu utazuiwa muda mrefu.

Kubeba begi kubwa siku hiyo kutakuletea ukaguzi kila hatua. Chukua maji, koti, na kadi iliyokwisha kugusishwa asubuhi. Kurudi, usijisukume Hynes wala Arlington kwenye foleni inayozunguka kona: pita bustanini kwa miguu hadi Park Street, uingie kwa Red Line.